Kilima Ambacho Hakipo

Hotuba niliyoitoa Moshi mbele ya waongoza watalii, wapagazi, wanafunzi wa jiografia na watendaji wa vijiji. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikiondoa tu kujikwaakwaa kwangu.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi. Hapo mbele nawaona wagumu, wapagazi wetu, walioshuka jana, vumbi la Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, bado liko kwenye viatu. Poleni na kazi, na mkisinzia sitawalaumu. Nimeombwa nizungumzie namna mlima unavyochorwa siku hizi kwa data za mwinuko na picha za setilaiti. Mimi ni mpimaji. Miaka mingi nimebeba fito na leveli mabegani, na miaka mingine mingi nimekaa mbele ya kompyuta hadi mgongo ukalalamika. Kwa hiyo nikiisema kompyuta vibaya msidhani siipendi.

Nianze na ugomvi mnaoujua. Mgeni amefika Uhuru, sehemu ya juu kabisa ya Kibo. Amelia, amepiga picha, ubao unasema mita 5,895. Anatoa simu mfukoni, anaitazama, anamgeukia kiongozi wake: mbona hapa inasema pungufu? Pungufu lenyewe ni mita kumi na kitu. Nimesikia majibu ya kila aina. Wapo wanaosema simu imeganda kwa baridi. Kijana mmoja aliniambia yeye humjibu mgeni kwamba mlima hupungua kidogo asubuhi, ukapanda tena jua likiwaka. Jibu hilo nililipenda, ila msilitumie.

Ile 5,895 ilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952, uliofanywa kwa kupima pembe kutoka mbali. Mwaka 1999 timu ilipanda na vipokezi vya GPS vya kazi ya upimaji, si hivi vya simu, ikapata 5,892. Mwaka 2008 timu nyingine ikapata 5,891. Mlima haukuporomoka mita nne. Kilichobadilika ni chombo, na zaidi ya chombo, ni swali la kwamba tunaanza kuhesabu kutoka wapi. Tunasema "juu ya usawa wa bahari", lakini hapa Moshi bahari iko wapi? Inabidi uifikirie inapita chini ya miguu yetu, chini ya mlima wenyewe. GPS haiijui bahari. Inahesabu kutoka kwenye umbo laini la kihesabu, kama chungwa lililobonyezwa kidogo juu na chini. Bahari halisi haijalala kwenye umbo hilo, kwa sababu mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Kuna sehemu maji yamejaa na sehemu yamebonyea. Huku kwetu usawa wa bahari uko chini ya lile chungwa kwa mita kumi na kitu. Simu nyingine husahihisha tofauti hiyo, nyingine hazisahihishi. Basi mgeni akiuliza, mwambieni simu yake imeanzia kuhesabu mahali pengine. Hapo hakuna mwongo.

Nimeanza na hilo kwa sababu namba za mwinuko zina tabia ya kutisha watu. Zikija na desimali mbili, mtu anapiga magoti. Mimi mwenyewe nilipiga magoti, nikaaibika, na aibu hiyo nitawasimulia. Lakini kwanza tuone namba zenyewe zinatoka wapi.

Nyoosheni kidole kimoja mbele ya pua. Fumbeni jicho la kushoto. Sasa fumbueni, mfumbe la kulia. Kidole kimeruka, sivyo? Ukuta wa nyuma haukuruka sana. Kadiri kitu kilivyo karibu ndivyo kinavyoruka zaidi. Mwenye macho mawili anapima umbali siku nzima bila kujua kwamba anapima. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuja hapa na kamera. Walipiga picha mlima huu kutoka vituo viwili ambavyo umbali kati yake unajulikana, halafu wakakokotoa urefu wa kila kilele na ukubwa wa barafu. Mwaka huohuo wakawa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi. Historia imeandika majina yao wawili, na nyie wagumu mnajua kwamba mizigo haikujipandisha yenyewe. Ramani yao ndiyo inayotuambia kwamba barafu ya Kibo ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Nitairudia hiyo 12.

Sasa ruka hadi Februari 2000. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kilirushwa tarehe 11 kikiwa na antena mbili za rada. Moja ilikuwa kwenye mwili wa chombo, nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60 uliokunjuliwa huko huko angani. Hayo ndiyo macho mawili. Rada haingoji jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi, usiku na mchana, mawingu yawepo yasiwepo. Mwangwi ulifika kwenye antena hizi mbili ukiwa na tofauti ndogo mno, na tofauti hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa mwinuko. Kwa siku kumi na moja walipima takriban asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia, kuanzia latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Wataalamu huziita data hizo SRTM. Hadi leo, ukifungua ramani yoyote ya milima yetu yenye kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, iliyochorwa na kompyuta, kuna uwezekano mkubwa unatazama Februari ya mwaka 2000.

Data hizo ni vijimraba vijimraba, pikseli, na kila pikseli ina namba moja ya mwinuko. Kwa miaka kama kumi sisi wa nje ya Marekani tuliruhusiwa kutumia bure zile za mita 90 kwa 90. Pigeni hesabu: hizo ni eka mbili. Kihamba kizima, pamoja na nyumba, migomba, kahawa, zizi na korongo dogo la pembeni, vyote vinapewa namba moja! Septemba 2014 ikatangazwa kwamba zile za mita 30 zitaachiwa, na Afrika ndiyo ikaanza kuzipata. Mita 30 kwa 30 ni robo eka kasoro. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila hata robo eka, kwa mtu wa Kilimanjaro, ni mahali pa kugombaniwa mahakamani. Ndani yake kuna juu na chini, na anayeishi chini anajua sana.

Haya, aibu yangu.

Kijiji kimoja upande wa kusini wa mlima kilitaka kuteremsha maji kutoka kwenye chemchemi hadi tangi karibu na shule. Maji ya mserereko, bila pampu. Niliombwa nichore njia ya bomba. Nikapakua data za mita 30, nikazifungua kwenye programu, nikavuta mstari kutoka chemchemi hadi shule, nikaiambia programu inionyeshe mteremko kwa ubavu. Mstari ukashuka vizuri, halafu katikati ukapanda. Palikuwa na kilima cha kama mita 12, upana wake zaidi ya mita 100, na mgongo wake uko juu kuliko chemchemi yenyewe. Maji hayawezi kupita hapo. Nikachora njia ya kukizunguka. Mzunguko ukala mabomba sabini zaidi, yale ya mita sita sita. Nikaandika gharama, nikaprinti ramani kubwa ya rangi, kijani bondeni na kahawia juu, nikaenda nayo kwenye mkutano wa kamati nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu.

Pale kulikuwa na mzee mmoja anayesimamia mfongo. Kwa wageni, mfongo ni mfereji wa Wachaga wa kuleta maji vihambani, mingine imechimbwa na vizazi ambavyo hakuna aliye hai anayevikumbuka. Mzee aliinama juu ya ramani muda mrefu. Akaweka kidole.

"Hiki nini?"

"Kilima, babu."

"Kilima kipi?"

"Hiki hapa, ukishavuka njia panda, kabla ya kufika kanisani."

Akavua kofia. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapo. Hapo hakuna kilima. Hapo palikuwa na mikaratusi."

Watu wakacheka, kwa adabu. Tulikwenda kupaona mchana uleule. Palikuwa na maharage. Kati ya matuta ya maharage kulikuwa na visiki vya zamani, vingine vimeoza, kimoja kimewekwa jiwe la kunolea panga. Ile mikaratusi ilipandwa zamani, ikawa mirefu hadi jirani akalalamika kwamba inamnyima jua, ikakatwa miaka kadhaa baada ya 2000, na mbao zake ziliezeka madarasa ya shule ileile niliyokuwa napelekea maji. Endeavour ilipopita juu ya kijiji, mikaratusi ilikuwa imesimama. Mawimbi ya rada ile yana urefu wa kama sentimita tano na nusu, hayapenyi majani mengi hadi udongoni. Yaligonga ndani ya majani yakarudi. Nilikuwa nimechora kilima cha majani, tena majani yaliyokwisha kukatwa, nikataka wananchi wakilipie mabomba sabini.

Kesho yake tulirudi na mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi, na fito mbili zilizochorwa sentimita. Tulipima siku mbili. Mzee wa mfongo alitembea mbele yangu na mara tatu alisema "hapa maji yatasita" kabla mpira haujasema. Nilimuuliza waliochimba mfongo walipimaje. Akasema waliyaachia maji kidogo kidogo nyuma ya jembe, yakisita wanajua wamekosea, wanarudi nyuma. Tafakarini hilo. Mfongo unashuka mita moja kwa mamia ya mita. Waliotengeneza SRTM walijiwekea lengo kwamba makosa yao ya mwinuko yasizidi mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Kazi yao ilikuwa nzuri kuliko lengo hilo, sehemu nyingi kwa mbali sana. Lakini hata kosa la mita tano ni zaidi ya mteremko wote wa mfongo wa kilomita moja. Siwalaumu. Walipima dunia kwa siku kumi na moja. Kosa lilikuwa langu, niliyechukua chombo cha kupimia dunia nikapimia maharage.

Ukipanda juu ya vihamba tatizo la miti linakua. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba kwenye bonde moja la msitu wa Kilimanjaro umepimwa mti wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliokuwa umepimwa Afrika. Katika msitu wa namna hiyo rada inasoma paa la msitu. Mkondo mdogo unaopita chini ya paa hilo haupo kwenye data kabisa. Baada ya SRTM zilikuja nyingine. Wajerumani waliweka setilaiti mbili zinazoruka bega kwa bega, wakakusanya kuanzia mwisho wa 2010 hadi 2015, na kutokana na hizo Ulaya inatoa bure data za mita 30 ambazo mimi ndizo ninazoanza nazo siku hizi, kwa sababu ni safi zaidi milimani. Nazo zinagonga majani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walijaribu mwaka 2022 kuondoa miti na majengo kwa kuifundisha kompyuta kukisia ardhi iko wapi chini yake. Inasaidia. Lakini ni makisio, na mtu asiwauzie makisio kwa jina la kipimo.

Halafu kuna kuta. Mnaupanda ukuta wa Barranco kwa mikono na magoti, mnawashika wageni viuno. Kwenye data za mita 30 ukuta huo unakuwa mteremko mkali wa kawaida tu, kwa sababu juu na chini vimechanganywa kwenye pikseli chache. Rada nayo haipendi kuta. Inatazama kwa upande, kwa hiyo upande mmoja wa korongo unajikunja juu ya mwenzake na upande wa pili unaingia kivulini, hakuna mwangwi. Data za awali za SRTM zilikuwa na matundu kwenye sehemu kama hizo, yakazibwa baadaye kwa data nyingine. Ukiona kwenye ramani sehemu ya mlima laini kuliko majirani zake, kama nguo iliyopigwa kiraka, shuku.

Na kuna milima isiyotulia. Ol Doinyo Lengai ililipuka mwaka 2007 hadi 2008. Kileleni pakajengeka koni mpya yenye shimo refu mahali palipokuwa pamejaa lava hadi ukingoni. Anayeongoza wageni kule kwa kontua za mwaka 2000 anaongoza kwenye mlima mwingine.

Tuje kwenye picha, maana watu wengi wanadhani picha haidanganyi. Nimeleta karatasi mbili, zipitisheni. Zote ni Kibo kutoka setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2, ambayo kila pikseli yake ni mita kumi. Moja ni ya Juni, nyingine ya Desemba, na kaskazini iko juu kwenye zote mbili. Tazameni Barranco kwenye ile ya Desemba. Ni bonde au ni mgongo?

(Hapo ukumbi uligawanyika. Mwongozaji mmoja, ambaye nywele zake zimeota mvi njiani Machame, aliapa kwamba ile picha imegeuzwa.)

Haijageuzwa. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu. Setilaiti hii hupita kama saa nne na nusu asubuhi. Sisi tuko digrii tatu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua liko kaskazini-mashariki, mwanga unatoka upande wa juu wa karatasi, na macho yanaelewa. Desemba jua limehamia kusini-mashariki, mwanga unatoka chini ya karatasi, ubongo unakataa, unageuza mabonde kuwa migongo. Geuzeni karatasi juu chini. Mmeona? Ndiyo maana ramani zilizotiwa vivuli na kompyuta huwekewa jua la bandia kutoka kaskazini-magharibi, mahali ambapo saa nne na nusu asubuhi jua halijawahi kuwa tangu dunia iumbwe. Ni uongo wa heshima, unasaidia jicho.

Mawingu nayo mnayajua kuliko mimi. Asubuhi na mapema mlima uko wazi, ikifika saa nne msitu umejitanda shuka. Setilaiti inapita shuka likiwa linatandikwa. Unatafuta picha yenye mawingu asilimia tano tu, unafurahi, unaifungua, unakuta hiyo asilimia tano yote imekaa juu ya kijiji chako. Kwa msitu wa kusini nimewahi kupitia picha za miezi mitatu nikapata moja ya kutumia.

Juu ya mawingu, barafu inaonekana vizuri zaidi. Wingu na theluji vyote ni vyeupe kwa macho yetu, lakini setilaiti hizi zina jicho la ziada linaloona miale fulani ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Katika miale hiyo theluji na barafu ni nyeusi, ilhali wingu linabaki jeupe. Unalinganisha mwanga wa kijani na ule wa infraredi, pikseli kwa pikseli, na barafu inajitenga yenyewe. Inabaki kazi ya kutodanganywa na theluji ya jana. Theluji mpya ikianguka, Kibo nzima inageuka barafu kwenye kompyuta, na kuna mtu atakimbilia kutangaza kwamba barafu imerudi. Nyie mliokuwa juu siku hiyo mnajua iliyeyuka kabla ya chai ya saa kumi. Inabidi uchague picha za mwisho wa kiangazi. Kwa kazi ya namna hiyo iliyofanywa kwa uangalifu, zile kilomita za mraba 12 za Klute na Oehler zilikuwa zimebaki chini kidogo ya 1.8 mwaka 2011. Tangu hapo imeendelea kupungua. Baadhi yenu mmepita kwenye barafu ambayo wanafunzi hawa wataijua kwa picha.

Sasa nataka kukaa kidogo Hanang, na naomba tutulie, maana huenda humu ndani kuna waliofiwa.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, upande wa mlima Hanang ulimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka kwa kufuata makorongo hadi Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki. Hanang ni volkano iliyolala, yenye urefu wa mita 3,400 na zaidi kidogo, imesimama peke yake juu ya tambarare. Ukiitazama kwenye data za mwinuko ni kama koni iliyochanwa na kucha, na kila alama ya ukucha ni korongo.

Ninachotaka mkielewe ni hiki. Kazi ya kujua korongo lipi linakusanya maji ya eneo gani haihitaji mamilioni. Programu ni za bure. Unaiambia kompyuta kwamba kila pikseli imimine maji yake kwa jirani aliye chini zaidi kati ya majirani wanane, na yule naye kwa mwenzake, hadi chini. Kwa dakika chache mito yote inajichora, na kila mahali unajua ni eka ngapi zilizo juu zinamimina hapo. Tena utaona mahali korongo linapotoka mlimani na kutapika mchanga wake, pakafanya umbo la kipepeo cha kupepea mkaa. Watu hupenda kujenga hapo. Pana udongo mzuri, pamelala, maji yako karibu. Lakini kile kipepeo kilifanywa na nini? Kilifanywa na matope ya zamani, moja juu ya jingine. Mlima umeandika historia yake hapo, tukaijengea juu.

Data hazitakuambia siku. Hazitakuambia udongo uliolegea una kina gani wala mwamba wa chini umeoza kiasi gani. Wiki ile picha za kawaida zilisumbuliwa na mawingu yaleyale yaliyoleta mvua. Setilaiti ya rada ya Ulaya inayopenya mawingu ilikuwa imebaki moja, mwenzake aliharibika mwishoni mwa 2021, na kwa hiyo ilirudi mahali pamoja kila baada ya siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili ni nyingi kwa mtu aliye chini ya tope. Anayefika kwanza ni jirani mwenye jembe.

Ndiyo maana ninyi watendaji nawaomba kazi ya kabla ya mvua. Chukueni mchoro wa makorongo, uprintiwe hata kwa rangi nyeusi, mtembee nao na wazee. Msiwaulize "hatari iko wapi", hilo ni swali la kwenye fomu. Waulizeni: mvua za El Niño za 1997 kuingia 1998, maji yalipita wapi? Daraja lipi lilibebwa? Nani alihamisha mifugo? Wekeni alama ya kalamu. Na kama mlima wenu umeshameguka, mjue kwamba data zote za kabla ya hapo zinaeleza mlima wa zamani. Pale Hanang anayechora leo kwa namba za 2000, au hata za 2015, anachora makorongo ambayo tope limeyachimba upya na mengine limeyafukia. Ramani yoyote mkiletewa, kabla ya kusifia rangi, muulizeni aliyeileta data zake ni za mwaka gani. Akianza kukohoa, mnyimeni muhuri.

Nitajibu maswali, ila moja limekuja kwenye kikaratasi na nalisoma hapa hapa: je, droni si zitamaliza haya yote? Zinasaidia sana. Wenzetu wa Zanzibar walianza 2016 kupiga picha visiwa vyote kwa droni, na wanafunzi wa pale ndio walioendesha, picha zikaonyesha hadi bati lililotoboka. Kwa kijiji kimoja, kwa korongo moja lililomeguka wiki iliyopita, ukipata kibali, hakuna kinachoishinda. Kwa mlima mzima, betri itakuishia Mandara, kambi ya chini kabisa. Na droni ya kawaida inapiga picha majani, kama wenzake. Mikaratusi ingenipata tena.

Kuhusu lile bomba, lilipita moja kwa moja kwenye maharage. Maji yalifika shuleni mwezi wa tano. Ramani yangu ya rangi mwenyekiti alikataa kunirudishia, ameibandika ofisini, na yule mzee amekizungushia kile kilima duara la kalamu nyekundu. Nilipita pale mwaka jana nikamuuliza mtoto njia ya kwenda kanisani. Akaniambia ninyooke tu, nikishavuka Kilima cha Mpimaji nitaliona kanisa mkono wa kulia. Nikanyooka. Mahali penyewe ni tambarare, kuna vijana wanachezea mpira.